Maswali na majibu: Msitu ulipokuwa ukuta

Mwezi uliopita nilisimulia hapa siku niliyopelekwa kwenye kaya moja ya Kilifi, na tangu hapo maswali hayajakatika. Wengi wanauliza juu ya maboma ya kale yaliyojengwa vilimani na sasa yamemezwa na miti: ya kwetu, na ya nchi walizohamia. Nimechagua sita. Waliotaka kuuziwa dawa ya kaya nimewaweka kando, na huko watakaa.

Nimezaliwa Mombasa, nimekulia Nairobi. Kaya ni msitu, ni kijiji au ni mahali pa matambiko? Kila ninayemuuliza ana lake. (Msomaji, Kasarani)

Wote wamekwambia kweli, ila hawakukwambia ni lini. Kwa Wamijikenda kaya ni nyumbani, basi. Hata karani wa sensa akibisha hodi kwako anahesabu kaya. Makundi ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Mapokeo yao yanasema mababu walitoka Singwaya, kaskazini, wakisukumwa na vita na Waoromo, wakaja kujificha kwenye vilima vya nyuma ya pwani. Kila kaya ilikuwa kijiji kilichozungushiwa ua wa magogo, katikati ya msitu mnene, na njia chache nyembamba zenye malango. Ndani palikuwa na nyumba za koo mbalimbali, na uwanja uitwao moro, ambapo wazee walikaa kuamua kesi. Chini ya ardhi lilizikwa fingo, kinga ambayo inasemwa ilibebwa kutoka Singwaya.

Karne ya 19 hatari ilipopungua, watu walianza kutoka kutafuta mashamba, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Makaburi hayakuhama. Kwa hiyo kijiji kimekuwa mahali pa mababu na pa sala, na ukipita kwa gari unachokiona ni msitu.

Kwenye Singwaya niongeze neno, maana najua nitaulizwa. Wanaakiolojia waliochimba kwenye vilima hivyo wamepata vyungu vya kabla ya mwaka 1000. Mapokeo mengi huweka safari ya Singwaya kwenye karne ya 16 hivi, kwa hiyo kulikuwa na watu huku zamani zaidi, wakilima na kufua chuma. Mimi sioni ugomvi hapo. Wageni wanaweza kufika mahali penye wenyeji, wakaoana, na baada ya vizazi vitatu wote wakasimulia safari moja.

Shikamoo mwandishi. Sisi Iringa tuna Kalenga, ngome ya Mkwawa, iliyokuwa na ukuta wa mawe na udongo. Sasa magogo na vichaka vya kaya vingemzuia nani? (Mwalimu wa historia, Iringa)

Marahaba, mwalimu. Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu hata mimi nilikwenda kaya nikitafuta ukuta.

Tulikuwa watano, mzee mbele. Njia ilikuwa na upana wa mtu mmoja, na si mtu mnene. Ukiinua kichwa unakutana na mwiba, ukiinamisha unakutana na mzizi. Inapinda kila baada ya hatua chache, kwa hiyo wa nyuma hamwoni wa mbele. Majani makavu chini yanalia kama mtu anayekunja magazeti. Mahali fulani mzee alisimama, akavua viatu, akasema, "Taireni." Wenzake wakaitika, "Za Mulungu." Nikauliza lango liko wapi. Akanionyesha miti miwili iliyosimama karibu karibu, kushoto na kulia kwangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya lango.

Sasa jifanye wewe ndiye adui. Umekuja na watu mia, lakini humo mnaingia mmoja mmoja. Mkuki hauna nafasi ya kurushwa. Kijiji hukioni, hujui kama kimebaki hatua kumi au elfu, ilhali wao wamekusikia tangu ulipokanyaga jani la kwanza. Ukivuka lango moja, kuna jingine. Ua wa magogo unakuja mwisho kabisa, ukiwa umeshachoka na umeshapotea. Msitu wenyewe ndio uliokuwa ukuta, na ndiyo maana kukata mti wa kaya lilikuwa kosa la jamii nzima. Aliyekata alikuwa anabomoa ngome.

Na Kalenga yako inanisaidia hoja. Ukuta ule ulichukua miaka kujengwa, na Oktoba 1894 Wajerumani waliuangusha kwa mizinga kwa muda mfupi tu, kwa sababu mzinga unataka kitu cha kulengwa. Mkwawa alipotoroka akaingia porini, walimtafuta mpaka Julai 1898. Ukuta ulimlinda siku chache, pori likamlinda karibu miaka minne.

Kaya nayo ina siku yake ya baruti. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama na kuwalisha kiapo cha kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, na Kaya Fungo ndiyo ilikuwa moyo wa mambo hayo. Waingereza wakamkamata, wakampeleka mbali magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi. Mwaka 1914 wakailipua kaya. Watu hawakuwa wakiishi tena humo kama zamani, lakini serikali ilikuwa imeelewa kwamba kiapo kilichofanyika msituni kina nguvu kuliko tangazo la ofisini.

Natunza wazee hapa Hereford, Uingereza. Siku za mapumziko huwa natembea kwenye msitu wa Credenhill. Juu ya kilima kuna mtaro mkubwa na tuta linalokizunguka. Mwenzangu anasema ni ngome ya zaidi ya miaka 2,000. Nilidhani ni mtaro wa maji. Je, ni kaya yao? (Dada wa Kilifi aliye mbali)

Mwenzako yuko sawa. Siku nyingine ukiwa huko, fuata mtaro huo kwa miguu. Mtaro wa maji huteremka, maana kazi yake ni kupeleka maji chini. Handaki la ngome hukizunguka kilima likishika karibu usawa ule ule, kama mkanda kiunoni.

Hizo ni ngome za Zama za Chuma. Nyingi zilijengwa katika miaka 800 iliyotangulia kufika kwa jeshi la Kirumi mwaka 43 baada ya Kristo. Uingereza na Ireland zina zaidi ya 4,000. Ujenzi wake ni wa jasho tu: unachimba handaki, udongo unautupa upande wa juu, ukawa tuta, na juu ya tuta unasimamisha magogo. Adui anateremka shimoni kwanza, kisha anapanda mwinuko akiwa chini ya mawe yenu. Magogo yameoza, mvua imekula tuta na kujaza handaki, kwa hiyo unachokiona leo ni kivuli cha lililokuwapo. Pale penye pengo, tuta likipinda kuingia ndani, huenda ndipo palipokuwa lango. Simama hapo uangalie bonde, utaelewa mengi kuliko nitakavyoandika.

Lakini si kaya, dada, na tofauti yenyewe ni miti. Waliojenga ngome kama hizo walitaka kilima cheupe, waone anayekuja tangu yuko bondeni, na yeye aone tuta lao aogope. Miti uliyoikuta huko imekuja baadaye, ngome ikiwa imeshasahauliwa. Mababu zako walifanya kinyume: waliuacha msitu makusudi, asiwaone mtu. Wale walijilinda kwa kuonekana, hawa kwa kutoonekana.

Jihadhari na jambo moja. Sehemu nyingi kama hizo zinalindwa na sheria ya mwaka 1979. Watoto wakitaka kuchimba, au rafiki akija na kile kifaa cha kutafutia madini, mwambieni arudi nacho nyumbani.

Nimeona picha ya kilima hakina mti hata mmoja, kina duara kubwa juu, na maelezo yanasema ni msitu mnene. Ni akili bandia hii? (Kijana wa Mwanza)

La, ni ndege na mwanga. Ndege hupita juu ikirusha chini mapigo ya leza kwa maelfu. Mengi yanagonga majani na kurudi, machache yanapenya kwenye matundu na kugonga udongo. Kompyuta inapima muda wa kila pigo, kisha yale ya majani yanatupwa na ya udongo yanabaki. Hapo msitu unavuliwa nguo na tuta la nusu mita linajitokeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifanya hivyo kwenye ngome ya Welshbury, ndani ya Forest of Dean, msitu ulio magharibi mwa England, ambako ukitembea kwa miguu huoni mbele kwa sababu ya miti. Leo data za namna hiyo za sehemu kubwa ya England zinatolewa bure kwa anayetaka.

Nadhani kaya ingeiaibisha mashine hiyo. Humo hakuna handaki kubwa la kupigiwa picha. Ukivua miti, umevua ngome.

Masaka tunasimuliwa kwamba mahandaki ya Bigo bya Mugenyi yalichimbwa na Bachwezi, watu waliotoweka. Sayansi inasemaje? (Msomaji, Masaka)

Kwanza nifurahie jina: bigo ni ngome, mugenyi ni mgeni. Mswahili hahitaji mkalimani.

Mahandaki yapo kando ya mto Katonga, na yakijumlishwa yanapita kilomita 10. Mahali pengine yana kina cha hadi mita 5, na yamekatwa mpaka ndani ya mwamba. Hiyo si kazi ya familia moja wakati wa kiangazi. Mwanaakiolojia Shinnie alichimba huko mwaka 1957 na mwenzake Posnansky mwaka 1960, na kwa ujumla mahali hapo panawekwa kati ya miaka ya 1300 na 1500 hivi. Watu walikuwa wafugaji wa ng'ombe wengi. Masimulizi ya Bachwezi nayo yanazungumzia watawala wenye mifugo, kwa hiyo simulizi na koleo hazipingani sana. Majina ya wafalme koleo halitoi.

Kinachonishangaza mimi ni mapengo. Handaki lina njia nyingi za kupitia, na mwenye hofu ya kuvamiwa haachi milango mingi namna hiyo. Naelekea kuamini wanaosema ng'ombe na heshima ya mtawala vilihusika kuliko vita. Ila hayo ni maoni yangu, na wapo wanaobisha kwa nguvu.

Shamba letu limepakana na kaya, na kila mwaka mpaka unasogea kidogo. Wajomba wanasema msitu hauna mwenyewe. Pia wageni wanataka niwapeleke ndani. Nifanye nini? (Msomaji, Kwale)

Wajomba zako wanajua kabisa una wenyewe, wanakujaribu. Kaya nyingi zilianza kutangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa mwaka 1992, zikiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, maeneo 11 yaliyotawanyika kiasi cha kilomita 200 za pwani. Kabla ya karatasi hizo ilikuwapo adhabu ya wazee: aliyekata mti alitozwa kuku au mbuzi, ikachinjwa kuwatuliza mababu. Nenda kwa wazee wa kaya kabla ya kwenda kwa chifu. Mpaka ukipimwa na chifu peke yake, wajomba watausogeza tena mvua ijayo.

Wageni usiwapeleke wewe. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ina utaratibu wake na waongozaji wake, na wageni hupokelewa. Yenyewe haiko kilimani, iko kwenye miamba ya matumbawe karibu na bahari, lakini msitu ni ule ule, hekta 30 hivi. Watafungwa kaniki, wataambiwa penye kupiga picha na pasipo. Kaya nyingine zote, bila ruhusa ya wazee mtu asiingie, hata kama njia iko wazi na hakuna mlinzi.

Na wasitoke na kitu. Si gae la chungu, si jani, si kijiti cha kusafishia meno. Mkikutana na vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wafu wa chama cha Gohu, hizo hukaa pale ziliposimamishwa hata familia ikihama. Ndivyo wezi walivyozikuta hazina mtu wa kuzilinda. Nyingi ziliuzwa Marekani kama sanaa, na makumbusho ya Denver yalipoamua mwaka 2014 kurudisha 30, zilichukua mpaka 2019 kufika Kenya.

Waambie pia wavae viatu vyepesi kuvua. Mimi nilikwenda na buti za kamba ndefu, na msafara mzima ulinisubiri langoni huku mzee akitazama juu kwa adabu.