Jibu: Kijana aliyekuwa mwepesi, sasa anajikwaa

Mwalimu mwenzangu, unauliza kama yule kijana wako wa miaka 13, aliyekuwa mwepesi mwaka jana na sasa anajikwaa na kupoteza mpira, amekuwa mvivu, na kama mizunguko ya uwanja itamwamsha. Hapana. Tafadhali usimwadhibu.

Tazama suruali yake: imepanda juu ya kifundo? Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12. Miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata, na kwa muda mwili wake mwenyewe unakuwa mgeni kwake. Mpira aliouzoea unampita. Hali hiyo hupita, lakini inachukua miezi. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, mpunguzie kuruka na kukimbia, huyo hadanganyi.

Kinachoniumiza zaidi ni kicheko cha wenzake. Katika umri huo mtoto anajiona kwa macho ya wengine, na akiaibishwa mbele ya darasa anaweza kuacha michezo kabisa. Kwa hiyo acha ile desturi ya manahodha wawili kuchagua wachezaji mpaka abaki mmoja amesimama peke yake. Gawa timu wewe mwenyewe. Mpe mwenzake mmoja, wafanye pembeni pasi fupi na kusimama kwa mguu mmoja. Msifu kwa alichoongeza tangu wiki iliyopita, siyo kwa kumshinda mwenzake.

Na hapa Goma, viwanja vingi vikiwa juu ya mawe ya volkeno, mbio za kasi ziahirishe kwanza. Akianguka pale anachubuka vibaya.