Maswali na majibu: kabati la babu, sofa la fundi na mlango wa Bagamoyo

Barua za wiki hii kuhusu samani za zamani ni zilezile za wiki zote, ila zimebadilisha wino. Nimechagua chache.

Nina kabati la marehemu babu, limechakaa. Nataka kulipaka nyeupe lifanane na ya kisasa. Nitumie rangi gani? (Msomaji, Tabata)

Usitumie yoyote kwanza. Kabati ni la mbao gani? Nimeshasema mara nyingi: anayeniandikia bila kutaja mbao ananiomba nipige ramli. Chomoa droo, igeuze, usugue kidogo kwa msasa mahali pasipoonekana. Kisha tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Mistari ya juu ikiendelea hadi kwenye kikato, una mbao nzima. Ikikomea ukingoni, hiyo ni ngozi nyembamba iliyobandikwa. Ukikuta pumba zilizogandishwa kwa gundi, basi ndiyo hayo ya kisasa unayoyatamani, yanayovimba kama mkate kwenye chai siku utakapopiga deki.

Kabati la babu likiwa mninga, mvule au mkongo, kulipaka rangi nyeupe ni kumtukana marehemu. Mninga huchukua miongo mingi porini hadi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na wewe unataka ufanane na boksi la dukani! Chukua kitambaa chenye spiriti usugue kona moja. Ile ngozi ya juu ikilainika na kunata, ni polishi ya kizamani, na utaiondoa kwa spiriti na kitambaa bila kukwangua. Isipolainika, tumia msasa namba 120, umalizie na 220, ukifuata mistari ya mbao, kamwe usiikate. Vanishi ipake mara mbili au tatu, nyembamba, kila mkono ukauke kabla ya mwingine.

Na kama babu mwenyewe aliwahi kulipaka rangi ya mafuta, usilikwangue kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, sugua likiwa na maji, watoto wakiwa mbali.

Kiti cha kulia chakula kinacheza. Nipige misumari ya inchi ngapi? (Mombasa)

Hata wa nusu inchi, hapana. Msumari unapasua ulimi wa kiungo, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu, na baada ya hapo hata fundi mzuri atakurudishia kiti chako na pole. Kifungue kiungo kilicholegea, ukwangue gundi yote ya zamani hadi uone mbao, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Paka gundi nyeupe ya mbao ndani ya tundu na kwenye ulimi, ukirudishe, halafu ukizungushie mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ukivuta kwa nguvu kila mzunguko. Kisimamishe sakafuni uhakikishe miguu yote minne inagusa kabla gundi haijashika. Kiache hadi kesho. Najua usiku huohuo mtu atakikalia, kifiche.

Nimeuziwa kitanda cha mtumba, kina kunguni. Nimwagie mafuta ya taa? (Temeke)

Unataka kuua kunguni au kuchoma nyumba? Kunguni hujificha kwenye viungo, matundu ya skrubu na chini ya chaga, na anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukihamishia stoo hakusaidii. Kibomoe chote nje. Kama ni mbao nzima, mwagia maji yanayochemka kwenye kila mwanya, uanike, urudie baada ya siku chache kwa ajili ya mayai. Godoro la mtumba silijadili. Asubuhi ya kununua ndiyo ilikuwa wakati wa kuinua chaga na kutafuta vidoa vyeusi, na hilo ulishasomeshwa hapa.

Friji limekufa. Naweza kulifanya kabati la nguo? (Arusha)

Ng'oa mlango kwanza, leo hii, kabla mtoto hajajifungia ndani.

Fundi amebadilisha kitambaa cha sofa, baada ya muda mfupi likabonyea vilevile. Nimdai? (Mbagala)

Ulimlipa kitambaa, akakupa kitambaa. Sofa linabonyea kwa sababu ya sponji na mikanda iliyo chini yake, na kama hukutaka vioneshwe, hakuna aliyevigusa. Siku nyingine simama pale anapolivua. Bonyeza sponji kwa kiganja: isiporudi upesi, ibadilishwe. Mwambie fundi akate sponji mpya mbele yako, kwani wapo wanaoshona vipande vya mabaki ndani ya kitambaa cha velveti na kukuita "bosi" mlangoni.

Nyumba ya familia Bagamoyo ina mlango wa kuchonga. Mgeni anataka kuununua aufanye meza kwao Ulaya. Bei ya haki ni ipi? (Mrithi)

Uliza kwanza kama unaruhusiwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940, na kuitoa nchini bila kibali ni kosa. Nenda Idara ya Mambo ya Kale kabla hujapokea hata senti ya kishika uchumba. Na nikupe ambalo hukuuliza: mlango uking'olewa, familia itabaki na tundu la kuziba kwa bati na ugomvi wa mgawo. Ubovu wa mlango huwa mara nyingi uko chini, kwenye mwimo unaonyonya unyevu wa kizingiti. Fundi anaweza kukata kipande hicho tu na kuunga mbao mpya ya aina hiyohiyo.

Mafuta ya kitani (linseed) yanafaa kwa meza ya zamani? (Tanga)

Yanafaa, paka kidogo na ufute yanayobaki. Ila usivifinyange vile vitambaa ulivyofutia na kuvitupa kona ya stoo: vikikaa vimerundikana hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au uviloweke kwenye ndoo ya maji.