Buibui wa ukutani: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Ukutani kwangu kuna buibui mdogo wa kijivu. Hatandi utando, anarukaruka tu. Ni buibui gani? (Mikindani)

Kwa maelezo yako, yaelekea ni Menemerus bivittatus. Ana urefu wa milimita 9 hivi. Jike ana michirizi myeusi ubavuni, dume ana mstari mweusi katikati ya mgongo. Mwili wake ni bapa, ndiyo maana anapenda kuta na mashina ya miti: mchana huwinda nzi, kisha hujibana kwenye ufa na kujifunika kwa hariri. Majengo ya kale ya mawe hapo Mikindani yana nyufa tele, na shina la mnazi nalo linamfaa. Hariri anayo, ila hategi windo kwayo. Huinatisha ukutani kabla hajaruka, akikosea inamshika.

Kaletwa na meli? (Shangani, Mtwara)

Kinyume chake! Asili yake ni Afrika, na leo yuko Amerika, India hadi Australia. Vitoto vya buibui wengi husafiri kwa upepo, vikining'inia kwenye uzi, lakini aliyemvusha huyu bahari ni binadamu. Anaishi kwenye nyumba na maghala yetu. Kifuko cha mayai kikiwa kwenye ufa wa kreti, kinapakiwa pamoja na mzigo. Akishuka kwenye bandari yenye joto na kuta, amefika nyumbani. Penye baridi hali ni nyingine: mwenzake Hasarius adansoni, buibui mwingine arukaye, naye msafiri mkubwa, huko Ulaya hukaa zaidi ndani ya vibanda vya mimea vinavyopashwa joto.

Anauma? Mwanangu anamchezea. (Lindi mjini)

Akibanwa anaweza kuuma, lakini hana sumu ya kumdhuru mtu. Mwache mtoto amtazame. Akimsogelea polepole, buibui atageuka na kumkazia yale macho mawili makubwa ya mbele.

Nasikia kuna buibui anayekula mbu wa malaria. Tuagize? (Kilwa)

Yupo: Evarcha culicivora, aliyepewa jina mwaka 2003. Anajulikana pande za Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, na huchagua hasa mbu aliyeshiba damu. Kumleta huku siungi mkono. Hatujui atakula nini kingine, na mbu aliyeshiba damu amekwisha kukuuma. Lala kwenye chandarua.

Kwenye mkorosho nimeona chungu anaruka. Inawezekana? (Newala)

Hesabu miguu. Chungu ana sita. Ukipata minane, umekutana na buibui wa jenasi ya Myrmarachne. Hunyanyua miguu ya mbele ionekane kama vipapasio vya chungu, na kiuno chake ni chembamba kabisa. Ndege na wadudu wengi humkwepa wakidhani ni chungu mkali. Naomba umwache, pamoja na wale chungu waitwao maji moto, kwani wao ndio wanaomfukuza mbu wa mikorosho, mdudu anayeifyonza mikorosho. Kabla ya kupuliza dawa ya wadudu, angalia kwanza kama juu ya mti kuna viota vyao vya majani yaliyoshonwa.