Barua kwa mwanangu: Hiyo bunduki ya biskuti usininunulie

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza, "Mama, nikununulie kifaa gani ili mikono isikuzuie kuoka biskuti?" Ukaambatanisha na picha ya ile bunduki ya kufyatulia biskuti zenye sura ya maua na nyota. Ahsante kwa kunifikiria, lakini hiyo iache hukohuko dukani. Niliwahi kuiazima kwa jirani. Kila biskuti ni kufinya mara moja, na mimi huoka biskuti 48 kwa mkupuo. Sikufika hata ya 15. Gumba lilikuwa linapwita kama jipu.

Baridi yabisi yangu imekaa kwenye shina la kidole gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono. Watu wanadhani nimeishiwa nguvu. Nguvu ninazo, mfuko mzito nautundika mkononi na safari inaendelea. Kinachonishinda ni kubana kitu chembamba kati ya gumba na kidole cha shahada. Ukibana hivyo, mzigo unaofika kwenye shina la gumba ni mkubwa mara kadhaa kuliko unaousikia kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo kila ukiona kifaa, jiulize kinakamatwa na sehemu gani ya mkono. Kikitaka kiganja kizima, tuzungumze. Kikitaka gumba, hapana.

Ndiyo maana nayapenda mapini manene. Mwaka 1990 Mmarekani mmoja, Sam Farber, alianza kuuza vifaa vya OXO Good Grips vyenye mapini manene ya mpira, baada ya kumwona mkewe Betsey, mwenye baridi yabisi mikononi, akihangaika na kifaa cha kumenyea. Si lazima ununue vya jina hilo. Mwiko wangu wa zamani nimeuvika kipande cha sponji ya kufunikia mabomba, nao sasa unakaa kiganjani vizuri tu.

Kazi inayoumiza kuliko zote ni kupiga siagi na sukari. Hapo mashine ya kusimama mezani inanifaa, si ile ya kushika mkononi, kwa sababu ile inatetemeka na wewe umeing'ang'ania muda wote. Ila ujue nyingine zina uzito unaopita kilo 10. Ukinipa halafu ikae kabatini, utakuwa umeniletea jiwe. Kama haitapata mahali pa kudumu mezani, bora tusiinunue. Nitaendelea kuitoa siagi kwenye friji mapema, hadi kidole kizame bila kusukuma.

Mizani ya kidijitali nayo naitaka, tena kuliko mashine. Bakuli likikaa juu yake namwaga unga hadi isome gramu 250, basi. Hakuna kuchota kikombe na kusawazisha, wala kushindilia sukari ya kahawia kwa ngumi.

Biskuti za kusukuma na kukata kwa vikopo nimeziacha, na sina majuto; hata ladha hazikuwa nazo sana. Siku hizi naviringisha kinyunya ndani ya karatasi ya kuokea kiwe kama gogo, nakilaza kwenye friji, kisha nakitoa na kukiacha kama dakika 10 kabla ya kukata. Kikiwa kigumu kama mti, kukikata kunaniadhibu. Sikati kwa kisu chenyewe, natumia kile kibamba cha chuma cha kukatia kinyunya, chenye mpini mpana juu. Naweka viganja vyote viwili, naegemea kwa uzito wa mwili, na kipande kinaanguka chenyewe. Chini ya kibao natandaza kitambaa chenye maji kidogo kisiteleze. Trei nazo ziwe ndogo mbili, si kubwa moja, maana moto na uzito kwa pamoja siviwezi.

Kilichobaki ni kijiko cha kuchotea, kama kile cha aiskrimu, kwa siku ninazotaka biskuti za kudondosha. Hapo uwe makini. Viko vyenye kitufe cha kusukuma kwa gumba, na viko ambavyo mpini wote unabanwa kwa kiganja kama koleo. Nataka hivi vya pili, na spring yake iwe laini. Kijaribu wewe mwenyewe kwanza. Tena usisahau mama yako ni mashoto: vile vya kitufe vingi vimetengenezewa mkono wa kulia.

Mama yako