Moshi wa buluu: usikimbilie ringi

SWALI: Salamu, mafundi. Boxer 100 yangu ya boda inafuka moshi wa buluu na oili inapungua haraka. Nimeshanunua ringi mpya za pistoni. Naweza kuzifunga mwenyewe nyumbani?
Msomaji, Busia

JIBU: Ndugu yetu, ringi umezinunua mapema. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, ila ina njia mbili za kuingilia. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakata, anza na sili za vali, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye vali. Ukitoka kila unapovuta mafuta, hasa mlimani ukiwa na abiria, shuku ringi na silinda. Hakikisha hivi: toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, rudisha plagi, kisha piga kiki ukiwa umezima swichi. Kiki iliyokuwa nyepesi ikigeuka nzito, ringi ndizo zinazovujisha.

Kufungua nyumbani kunawezekana. Zungusha magneti hadi alama ya T, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote mbili zimelegea. Funga taiming cheni kwa waya isitumbukie. Kabla ya kutoa klipu ya pini ya pistoni, ziba mdomo wa krenki, yaani tumbo la injini chini ya silinda, kwa kitambaa safi. Klipu ikidondokea humo, utapasua injini nzima kwa ajili ya kijiwaya.

Sasa pima, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Ingiza ringi mpya peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Pima juu, panapolika zaidi, halafu chini. Kwa silinda hiyo ya milimita 53, mwanya wa milimita 0.15 hadi 0.30 unafaa. Ukizidi 0.5, au ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo, silinda imekwisha na ringi zako zitafuka tena. Nunua pistoni ya saizi ya juu, yaani nene kidogo kuliko ya zamani, pamoja na ringi zake, uipeleke na silinda kwa mwenye mashine aichonge silinda kwa kipimo cha pistoni hiyo.

Ukirudisha: maandishi ya ringi yatazame juu, mianya isipangane, mshale wa pistoni uelekee eksozi. Gasketi na klipu ziwe mpya. Nati za hedi kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Injini ikiwa baridi, weka mwanya wa vali ya kuingiza milimita 0.05 na wa eksozi milimita 0.10. Badilisha oili baada ya kilomita 500.

Usisahau chujio la hewa na mpira wake unaoingia kwenye kabureta. Ukiwa umepasuka, vumbi la barabarani litasaga silinda mpya kama msasa.

SWALI: Oili ya gari inafaa kwenye pikipiki?

JIBU: Hapana. Klachi ya pikipiki kama Boxer inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za gari huifanya iteleze. Tafuta oili ya uzito wa 20W50 yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, yaani oili ya pikipiki isiyotelezesha klachi.