Unaandika riwaya yako ya kwanza ya ugaidi? Anza na upande wa waovu

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amekwama sura ya saba. Ana kundi la magaidi, ana kiongozi wa dini anayetetemesha watu kwa sauti, ana kikosi cha siri cha makomando ambacho hata rais hana habari nacho, na nyuma ya yote yuko mkubwa mmoja serikalini. Bomu limeshalipuka, shujaa ameshaua watu wasiohesabika, na sasa mwandishi hajui aelekee wapi. Wanaoanza kuandika riwaya za aina hii wengi hukwama hapo hapo. Wanajua kilicholipuka, ila hawajakaa chini wakajiuliza kimelipuka kwa faida ya nani.

Dawa yake ni kuandika kurasa tano au sita ambazo msomaji hatazisoma kamwe. Humo ipange njama yote kwa tarehe, ukiwa upande wa waovu, tangu siku wazo lilipozaliwa hadi siku ya tukio. Ipe njama angalau mwaka mzima, maana nyumba ya kupanga, pasipoti, gari na watu wa kuaminika havipatikani kwa wiki mbili. Kila tarehe ijibu maswali matatu: nani alifanya nini, kililipiwa nini, na alama gani ilibaki nyuma. Alama hizo ndizo zitakazompeleka mpelelezi wako kutoka sura hadi sura. Ukizikosa, utalazimika kumleta mtu wa kumwagia siri ukurasa wa mwisho, na msomaji wa leo hatakusamehe kwa hilo.

Mfano mzuri kuliko yote tunao hapa nyumbani. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, balozi za Marekani zilipigwa mabomu Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar 11. Sasa tazama wahusika walivyonaswa. Mohammed Odeh aliondoka Nairobi usiku wa kuamkia tukio, akatua Karachi, akazuiwa uwanja wa ndege siku hiyo hiyo kwa sababu ya pasipoti ya kughushi. Mohamed al-Owhali alitakiwa afe ndani ya lori la bomu la Nairobi. Alishuka, akakumbuka kwamba bastola yake imebaki kwenye koti garini, akarusha bomu la mkono la kishindo kuelekea walinzi, akakimbia. Akajeruhiwa, akaenda hospitali kutibiwa, na kabla ya wiki kuisha alikuwa mikononi mwa polisi. Khalfan Khamis Mohamed, aliyeshiriki upande wa Dar, alikimbilia Cape Town akawa anafanya kazi kwenye mkahawa, akakamatwa 1999.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyenaswa kwa kufukuzana na helikopta. Ni pasipoti, koti, kidonda, na kazi ya jikoni. Soma mambo haya kwenye kumbukumbu za kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001. Ushahidi ule una kodi za nyumba, ununuzi wa magari na majina ya bandia kiasi cha kumtosha mwandishi yeyote mwenye subira. Mwenye haraka atatazama filamu, na riwaya yake itanuka filamu.

Ila kuna mtego. Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyesakwa kwa miaka karibu 13 kwa mabomu yale yale ya 1998, aliuawa Juni 2011 kwenye kizuizi cha askari Mogadishu baada ya gari lake kupotea njia. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina Daniel Robinson na dola zipatazo 40,000. Ni kweli tupu, lakini ukiiweka hivyo hivyo kwenye riwaya, msomaji atasema umechoka kufikiri. Bahati inaruhusiwa kumtia shujaa matatani, haifai kumtoa. Ukitaka mwisho kama wa Fazul, uandae mapema: sura ya kumi kizuizi kihamishwe, sura ya kumi na tatu dereva wa zamani auawe na aje mgeni asiyeijua barabara mpya. Hapo bahati inakuwa matokeo, na msomaji atarudi nyuma kuhakikisha kama kweli ulimwambia.

Idadi ya wanaojua siri ndiyo kipimo cha njama. Wanaoijua yote wasizidi watano. Chini yao waweke watu wanaojua kipande kimoja kimoja: aliyekodi nyumba, aliyenunua gari, aliyegonga mhuri. Chora jedwali lenye nguzo nne: jina, anachojua, alikijua lini, atapoteza nini kikifichuka. Nguzo ya nne ikibaki tupu kwa mtu yeyote, mwondoe au mpe sababu. Waziri anayeunga mkono ugaidi kwa kuwa "ni mwovu tu" hana kazi kwenye kitabu. Waziri ambaye zabuni ya vifaa vya ulinzi itampita kama nchi ikitulia, huyo tayari ana sura yake.

Pesa huwa inarukwa, nami sijui kwa nini, kwa sababu ndiyo yenye siri nyingi. Hawala, kwa mfano, inaendeshwa hivi: mtu anakabidhi fedha kwa wakala Dubai, anapewa neno au namba ya siri, na mpokeaji Eastleigh, Nairobi, anaitaja kwa wakala wa huko na kuchukua chake siku hiyo hiyo. Fedha yenyewe haijavuka bahari. Mawakala wawili wanadaiana, na deni watalimaliza baadaye kwa bidhaa au kwa hawala ya upande wa pili. Kwa hiyo hakuna karatasi ya benki, lakini yapo madaftari mawili kwa watu wawili, na wote wawili wanaogopa. Mpelelezi akipata daftari moja tu, una sura tatu nzima za kumtafuta mwenye la pili. Kumbuka pia kwamba hawala inatumiwa na maelfu ya watu wanaolipa ada za watoto. Usiandike kana kwamba kila anayeitumia ni gaidi.

Angalia na mwaka wa hadithi. M-Pesa ilianza Kenya 2007, hivyo gaidi wa 1998 hawezi kutumiwa pesa kwa simu. Tanzania, laini imefungwa kwenye alama za vidole kuanzia 2020, kwa hiyo "alinunua laini mtaani akaitupa" inahitaji maelezo: nani alikubali kuisajili, na kwa bei gani? Na kubadili laini bila kubadili simu hakumfichi mtu, kwa sababu namba ya IMEI ni ya simu yenyewe. Laini zote mbili zitaonekana zimekaa kwenye kifaa kimoja. Kosa hilo linafaa kufanywa na mhalifu wako. Lisifanywe na wewe.

Sasa dini, ambapo riwaya nyingi za kwanza huaibika. Ukimweka gaidi wa Kiislamu anayepiga takbiri kila ukurasa, umeonyesha kwamba humjui. Jiulize ni wa mkondo gani. Mtu wa itikadi za al-Shabaab anaona maulidi na ziara za makaburi ya masharifu ni uzushi. Kundi hilo limebomoa makaburi ya Masufi huko Somalia. Mtu kama huyo hawezi kukaa kwenye maulidi ya Lamu akitikisa kichwa kwa kasida, isipokuwa awe anajificha, na kama anajificha basi tuone uso wake unavyomshinda. Usichanganye Ibadhi, Ismailia na Sunni, madhehebu tofauti ya Uislamu, kana kwamba ni majina ya mtu mmoja. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Fungua kalenda kabla ya kumfuturisha mtu Septemba 2013, kwa sababu mwaka ule mfungo uliisha mapema Agosti.

Wala dini si lazima iwe ile ile kila siku. Kanungu, Uganda, Machi 2000, waumini wa kundi la mhubiri Joseph Kibwetere waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi walikuwa wametabiri mwisho wa dunia ungefika mwaka 1999 ukiisha. Haukufika, na waumini waliokuwa wameuza mali zao wakaanza kuuliza. Humo mna deni, hofu, na watu wenye sababu ya kuwanyamazisha wengine. Shakahola, Kilifi, 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe. Mwandishi anayetaka kuonyesha imani inavyogeuzwa silaha asiseme amekosa mfano. Ukimtumia padre wa Kikatoliki, siri ya kitubio ni kamba ngumu ya kisa: hawezi kutoa alichoungamiwa hata kwa kutishiwa kifo, na akivunja kwa makusudi anatengwa na Kanisa. Mpe padre huyo jina la mlipuaji Jumamosi jioni, bomu liwe la Jumapili, halafu mwache alale kama ataweza.

Mhubiri wako muovu mwandikie hotuba nzuri. Nzuri kweli, yenye hoja ambazo msomaji ataitikia kabla ya kushtuka. Hotuba ya kipuuzi haimvuti kijana kuacha masomo yake.

Makomando. Hapa waandishi hupenda bunduki kuliko ratiba, na ratiba ndiyo yenye mvutano. Garissa, Kenya, 2 Aprili 2015, washambuliaji waliingia chuoni alfajiri. Recce, kikosi cha makomando wa GSU (tawi la polisi wa Kenya), chenye makao yake Ruiru karibu na Nairobi, kiliingia kwenye bweni jioni na kikamaliza kazi chini ya saa moja. Waliokufa walikuwa 148. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370 za barabara. Saa zile katikati ndizo sura zako bora: nani ana ndege, nani anaitumia, nani hapokei simu. Westgate, jengo la maduka Nairobi lililovamiwa Septemba 2013, ilitangazwa kuwa washambuliaji ni kumi hadi kumi na watano. Baadaye walitambuliwa wanne. Polisi na jeshi waliingia bila amri moja, na afisa wa Recce akauawa kwa risasi za upande wa wenzake. Ukitaka kikosi chako cha siri kishindwe kwa namna ya kuaminika, kishindwe hivyo, kwa redio zisizosikilizana na makamanda wawili wasiosalimiana.

Hata operesheni iliyofaulu ina ufa. Entebbe, Uganda, Julai 1976, makomando wa Israeli walikuja kuokoa mateka uwanja wa ndege wakiwa na Mercedes nyeusi ili walinzi wadhani ni msafara wa Idi Amin. Inaelezwa kuwa Amin alikuwa ameshahamia Mercedes nyeupe, na walinzi wakashtuka. Mpango mzuri, habari iliyochacha. Kila operesheni kwenye riwaya yako iwe na Mercedes yake nyeusi.

Kuhusu silaha, machache yanatosha. AK-47 hutoa risasi kama 600 kwa dakika ikiachiwa, na magazini ina risasi 30. Maana yake inakauka kwa sekunde tatu. Shujaa anayemimina risasi ukurasa mzima anahitaji mtumba wa magazini na mtu wa kumbebea. Kiwambo cha sauti hupunguza mlio, hakiufuti. Bunduki ikilia ndani ya chumba bila kinga, masikio huvuma, kwa hiyo hakuna mazungumzo ya kunong'ona dakika inayofuata. Bastola ya Glock haina kitasa cha usalama cha pembeni, hivyo shujaa asikifungue. Bomu lenyewe usilieleze linavyotengenezwa. Si kwa sababu ya sheria peke yake: msomaji anataka kujua mke wa fundi alisikia harufu gani nguoni mwake, vipimo havimhusu.

Jina la kikosi libuni, cheo cha mkuu wake kibuni, waziri mbuni. Taasisi halisi unaweza kuzitaja kwa jumla, lakini ukimpa uhaini ofisa anayetambulika, utamjua wakili kabla ya kumjua mchapaji.

Kwa ukubwa, maneno 60,000 yanatoa kama kurasa 200 za kitabu. Ukiuza kwa vipande WhatsApp, maneno 1,200 kwa kipande yanatosha, na usikate kila kipande kwenye mlio wa risasi. Kata kwenye jina au namba ya gari ambayo msomaji ameshawahi kuiona. Rasimu ikiisha, usimpe mtu mmoja kitabu kizima. Sura za mapigano mpe askari mstaafu, za msikitini mpe ustadhi, za kanisani mpe katekista, za fedha mpe mtu aliyewahi kukaa kaunta ya wakala. Usiwaulize kama ni nzuri. Waombe wapige mstari kwa kalamu nyekundu palipowachekesha pasipostahili, na sura hizo uziandike upya kabla ya kugusa nyingine.