Kanda za VHS: tafuta deki kwanza, harusi zisubiri

Ukiamua kuhamishia kanda za video za familia kwenye kompyuta, kanda zenyewe hazitakusumbua. Zipo kwa bibi, juu ya kabati. Kazi ni deki. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo utakayoikuta Kariakoo leo ni mtumba. Nenda na mkanda usio na maana kwako, filamu yoyote ya zamani. Muuzaji aucheze, aupeleke mbele, aurudishe nyuma, autoe. Kama deki ina tabia ya kutafuna, itafune huo.

Kisha ukague kanda zako kwenye mwanga. Joto na unyevu wa Dar vinaleta ukungu, utauona kama unga mweupe pembeni mwa mkanda kupitia kidirisha. Mkanda wa namna hiyo usiuingize kwenye deki hata kwa kuujaribu: ukungu unanasa kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kuhamia kwenye kanda zako nyingine. Mpe fundi aufungue na kuusafisha. Zilizo safi zipeleke mbele mpaka mwisho na kuzirudisha nyuma kabla ya kuzicheza, maana zikikaa miaka mingi tabaka zake hugandana. Na vunja kile kiplastiki kidogo cha mgongoni, mtu asije akarekodi juu yake.

Sasa, uanze na upi? Watu wengi hukimbilia harusi. Mimi naziweka nyuma. Mkanda wa harusi ulikuwa unatolewa kopi kwa wazazi wa pande zote mbili na kwa mjomba wa Tanga, ukiharibika wako utapata mwingine. Kanda ya babu anayegombana na mbuzi uani, au ya kipaimara alichorekodi jirani, ipo moja tu duniani. Hiyo ndiyo ya kwanza. Na hata kwa harusi, ulizia nani ana ule uliotoka kwenye kamera: kila kopi ya VHS hupoteza rangi na ukali wa picha.

Kuunganisha ni rahisi. Waya wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Vinaingia kwenye kifaa cha kunasia video, nacho kwenye USB ya kompyuta. Kwenye programu ya kunasia chagua PAL, ndio mfumo wetu wa picha za video. Mkanda uliotumwa na ndugu kutoka Marekani utakuwa NTSC, mfumo wa huko, na deki isiyouweza itakupa picha inayoyumba au isiyo na rangi. Mkanda wa PAL una mistari 576 tu ya picha, kwa hiyo anayekuahidi kuugeuza HD anakuuzia maneno.

Hakuna njia ya mkato kwenye muda: mkanda wa saa tatu unanaswa kwa saa tatu. Nasa kwa vipande, umeme ukikatika upoteze kipande kimoja, sio kazi ya jioni nzima. Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje isiyokaa nyumba moja na kompyuta. Ndugu wape kwenye flashi, WhatsApp inabana video mpaka nyuso zinafutika.

Mwisho, mkalishe shangazi mbele ya skrini, na wewe uandike majina. Atakuambia nani ni nani, na nani siku ile walikuwa hawasalimiani.